Vidonge vitatu asubuhi, vitatu jioni: dozi ya nimonia na usugu wa bakteria

Swali kutoka kwa msomaji wa Morogoro: Mwanangu wa kiume ana miaka minne na uzito wa kilo 16. Alianza kukohoa, akapata homa na kuhema haraka haraka. Kituo cha afya wakasema ni nimonia, wakampa amoksisilini ya vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, vya miligramu 250, vitatu asubuhi na vitatu jioni kwa siku tano. Mwaka huu nimeshamnunulia azithromaisini dukani zaidi ya mara moja kwa sababu ya kikohozi. Jirani yangu anasema amoksisilini imeshachoka, vidudu vimeizoea, nitafute dawa kali au sindano. Mimi mwenyewe naona vidonge vitatu kwa mpigo ni vingi mno kwa mtoto. Je, mwili wake umezoea dawa? Nibadilishe, au nimpe kidonge kimoja kimoja kwa siku nyingi zaidi?

Jibu: Mama, mpe mtoto dozi hiyo kama ulivyoandikiwa, usipunguze na usibadilishe, alimradi hajawahi kupata mzio wa penisilini au amoksisilini na hana dalili za hatari nitakazozitaja kabla sijamaliza. Njia uliyoifikiria, ya kumpa kidonge kimoja kimoja kwa siku nyingi, inaonekana ya upole, lakini kwa mtoto mwenye nimonia ndiyo mbaya kuliko zote, na nitaeleza kwa nini kwa kirefu kwa sababu jibu la swali lako lote limo humo.

Tuanze na hesabu ya vidonge, maana hofu yako naielewa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliopitiwa upya mwaka 2014 unataka mtoto mwenye nimonia apate amoksisilini isiyopungua miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wake, mara mbili kwa siku. Kwa mtoto wa kilo 16 hiyo ni miligramu 640 kila mara. Vidonge viwili vinatoa 500, havitoshi. Vitatu vinatoa 750, vinatosha na kubakiza ziada ndogo ambayo mwili wa mtoto unaihimili bila shida, kwa kuwa amoksisilini ni miongoni mwa dawa zenye nafasi kubwa kati ya kiwango kinachotibu na kiwango kinachodhuru. Anaweza kuharisha kidogo, na hilo likitokea endelea kumpa maji na chakula. Viyeyushe vyote vitatu kwenye maji safi kidogo, koroga, mnyweshe, kisha suuza kikombe kwa maji mengine kidogo umnyweshe nayo, kwa sababu sehemu ya dawa hubaki chini na watu wengi huimwaga bila kujua.

Sasa, mwili wa mwanao haujazoea dawa. Usugu tunaouzungumzia ni sifa ya bakteria, si ya mtu. Mtoto ambaye hajawahi kumeza kidonge hata kimoja anaweza kuugua kwa bakteria sugu aliyeambukizwa na mtoto mwenzake wa chekechea, na mtoto aliyemeza dawa mara nyingi anaweza kuugua kwa bakteria anayeuawa kwa urahisi. Hata hivyo, dawa ulizompa mwaka huu hazikupita bure. Hazikuubadilisha mwili wake, ila zilibadilisha jamii ya bakteria wanaoishi ndani ya pua na koo lake, na hapo ndipo usugu unapopatikana.

Bakteria anayehusika zaidi anaitwa pneumokoki. Kwa kawaida huyu si adui anayevamia kutoka mbali. Anaishi nyuma ya pua za watoto wadogo wenye afya njema, na katika nchi zetu watoto wengi walio chini ya miaka mitano wanaye kwa wakati fulani bila kuumwa chochote. Mara chache huteremka mapafuni na kuleta nimonia, huingia sikioni na kuleta usaha, au hupenya kwenye damu na kufika kwenye utando wa ubongo. Kila unapompa mtoto antibayotiki, hata kwa mafua ambayo hayakuihitaji, dawa hiyo inafika puani pia, inawaua pneumokoki dhaifu na kuwaachia nafasi wale wanaoihimili. Mtoto anaonekana amepona mafua, ambayo yangepona yenyewe, huku puani mwake wakazi wamebadilika.

Pneumokoki ana tabia moja inayomfanya awe hodari wa kujibadilisha: anaweza kuokota vipande vya vinasaba vilivyoachwa na bakteria wengine waliokufa karibu yake na kuviingiza katika vinasaba vyake mwenyewe. Tabia hiyo iligunduliwa kwake yeye hasa. Frederick Griffith aliionyesha huko London mwaka 1928, na Oswald Avery pamoja na wenzake wakathibitisha mjini New York mwaka 1944 kwamba kinachohamishwa ni DNA, ugunduzi ulioweka msingi wa elimu yote ya vinasaba tuliyo nayo. Penisilini na amoksisilini huua kwa kuvishika vimeng'enya vinavyojenga ukuta wa bakteria. Pneumokoki alipokuwa akishambuliwa na penisilini mwaka baada ya mwaka, aliokota vipande vya jeni za vimeng'enya hivyo kutoka kwa ndugu zake wasio na madhara wanaoishi mdomoni, akajitengenezea vimeng'enya ambavyo dawa haivishiki vizuri. Mgonjwa wa kwanza mwenye pneumokoki wa namna hiyo aliripotiwa Australia mwaka 1967, na mwaka 1977 huko Durban, Afrika Kusini, wakapatikana waliokuwa sugu kwa penisilini na kloramfenikoli kwa pamoja.

Nakuomba uzingatie neno nililotumia: dawa haivishiki vizuri. Sikusema haivishiki kabisa. Usugu wa pneumokoki dhidi ya ukoo wa penisilini ni wa viwango, na jirani yako, kama watu wengi, anauchukulia kana kwamba ni mlango uliofungwa. Maabara tunapootesha bakteria huyu tunapima kiasi kidogo kabisa cha dawa kinachotosha kumzuia asikue. Pneumokoki wa zamani alizuiwa na sehemu ndogo sana ya mikrogramu moja katika mililita moja. Wa leo huenda akahitaji nusu mikrogramu, moja au mbili. Amoksisilini ikitolewa kwa kipimo kidogo, kiwango chake katika damu na katika mapafu hakikai juu ya mstari huo kwa muda wa kutosha. Ikitolewa kwa kipimo kikubwa, inakaa. Dawa za ukoo huu huua kwa muda: kinachoamua ni saa ngapi kati ya dozi na dozi bakteria anabaki amezingirwa na dawa ya kutosha. Hiyo ndiyo maana ya vidonge vitatu, na ndiyo maana ya asubuhi na jioni badala ya vyote sita kwa mara moja.

Jambo hilo lina uzito kiasi kwamba mwaka 2008 taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya vipimo vya maabara ilibadilisha namna ya kumhesabu pneumokoki kuwa sugu. Bakteria akitoka kwenye maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo, anahesabiwa sugu kwa penisilini akihimili kiwango kinachozidi mikrogramu 0.06, kwa kuwa penisilini hupenya kwa shida kwenye maji hayo. Bakteria yule yule akiwa amesababisha nimonia na mgonjwa anatibiwa kwa penisilini ya mshipa, anahesabiwa kuwa anatibika hadi mikrogramu 2. Kwa hiyo mtu anaposema pneumokoki wamekuwa sugu, mtaalamu hana budi kuuliza: sugu kwa dawa gani, kwa kipimo gani, na wakiwa sehemu gani ya mwili?

Turudi kwenye wazo lako la kidonge kimoja kimoja. Lilipimwa, na kwa bahati lilipimwa kwa watoto wa rika la mwanao. Nchini Ufaransa, utafiti uliochapishwa mwaka 1998 uliwachunguza watoto 941 wa shule, wenye umri wa miaka mitatu hadi sita. Ulionyesha kwamba watoto waliopewa dawa za ukoo wa penisilini kwa kipimo kidogo kuliko kinachoshauriwa, au kwa zaidi ya siku tano, walikuwa na pneumokoki sugu puani mara kadhaa zaidi ya wengine. Utafiti mwingine, uliofanyika Santo Domingo katika Jamhuri ya Dominika na kuchapishwa mwaka 2001, uliwagawa watoto wapatao 800 mafungu mawili: fungu moja lilipewa amoksisilini miligramu 90 kwa kilo kwa siku, kwa siku tano, jingine miligramu 40 kwa siku kumi. Siku ya 28, asilimia 24 ya watoto wa fungu la kwanza walikuwa na pneumokoki mwenye usugu wa penisilini, na asilimia 32 katika fungu la pili. Dozi nono ya siku chache ilimtibu mtoto na kupanda usugu kidogo zaidi kuliko dozi hafifu ya siku nyingi. Mtu mwenye nia njema anayepunguza dawa ili isimchoshe mtoto anawapa bakteria mazoezi.

Hapa niseme jambo ambalo baadhi ya wenzangu huona ugumu kulisema hadharani. Tumewafundisha wananchi kwa miaka mingi kwamba usugu unatokana na kutomaliza dozi, na wakaelewa kwamba kadiri unavyokunywa dawa siku nyingi ndivyo unavyokuwa salama. Hilo si sahihi. Maliza dozi uliyoandikiwa, naam, lakini usiiongeze. Utafiti uliofanyika Malawi kwa watoto karibu 3,000 wenye nimonia ya kubonyea kifua, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa siku tatu za amoksisilini zilitibu kama siku tano. Kwa maoni yangu, chanzo kikubwa cha usugu katika vifua vya watoto wetu si kidonge cha mwisho kilichosahaulika. Ni dawa iliyonunuliwa kwa ugonjwa ambao haukuwa wa bakteria.

Na hapo ndipo tunapoikuta azithromaisini. Naelewa kwa nini inapendwa: inanywewa mara moja kwa siku, siku tatu tu, na bei yake huwafanya watu waione kuwa kali kuliko amoksisilini. Ukali wa namna hiyo haupo. Ni dawa ya ukoo tofauti, inayozuia bakteria kutengeneza protini, na ina kazi zake muhimu, lakini dhidi ya pneumokoki haiizidi amoksisilini iliyotolewa kwa kipimo sahihi. Usugu wake nao ni wa aina nyingine. Kuna pneumokoki wenye jeni inayobadilisha mahali dawa inapojishikiza, na hao hata uwamwagie dawa kiasi gani hawajali. Kuna wengine wenye pampu inayoitoa dawa nje kila inapoingia, kama mvuvi anayekumba maji mtumbwini. Isitoshe, azithromaisini hukaa mwilini muda mrefu. Kiwango chake hupungua nusu kwa takriban siku mbili na nusu hadi tatu, kwa hiyo wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho bado kuna mabaki machache mwilini, yasiyotosha kuua lakini yanayotosha kuwachuja bakteria sugu. Mwaka 2007 watafiti wa Ubelgiji waliwapa watu wazima wenye afya azithromaisini au dawa ya ukoo wake, klarithromaisini, kisha wakafuatilia bakteria wa kooni mwao. Usugu ulipanda ndani ya siku chache, na baada ya zaidi ya siku 180 ulikuwa bado haujarudi pale ulipokuwa mwanzo. Ndiyo maana azithromaisini imewekwa na Shirika la Afya Duniani katika kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu, wakati amoksisilini iko katika kundi la kwanza, la dawa zinazopaswa kupatikana kwa kila anayezihitaji.

Jirani yako hakubuni kila kitu. Kuna dawa ambayo kweli imepoteza nguvu, nayo ni kotrimoksazoli, ile ambayo wengi tunaiita Septrini. Ilikuwa dawa ya kwanza ya nimonia ya watoto katika miongozo ya miaka ya nyuma, na ikatumika kwa wingi mno. Pneumokoki wa Afrika Mashariki sasa wameizoea kwa kiwango kikubwa, na matumizi ya SP ya malaria, ambayo inashambulia njia ileile ya bakteria, yalichangia. Ndiyo sababu amoksisilini ilichukua nafasi yake. Septrini bado ina kazi kubwa kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kwa kuzuia magonjwa nyemelezi, na mtu yeyote asiiache kwa kusoma maneno haya.

Huenda mtu akakushauri amoksisilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki. Mchanganyiko huo unasaidia pale bakteria anapotoa kimeng'enya kinachoivunja dawa, kama wafanyavyo baadhi ya bakteria wa Haemophilus influenzae, ambao usugu wao dhidi ya ampisilini ulianza kuonekana miaka ya 1970. Pneumokoki hatoi kimeng'enya hicho kabisa. Usugu wake, kama nilivyoeleza, uko kwenye vimeng'enya vinavyojenga ukuta wake. Kumwongezea mtoto klavulaniki kwa ajili ya pneumokoki ni kumwongezea kuharisha na kukuongezea wewe gharama.

Kuhusu sindano, nina wasiwasi zaidi. Seftriaksoni imekuwa ikichomwa kwa homa na vikohozi vya kila namna, hata kwa watoto wanaoweza kumeza. Mtoto anayekunywa na kula vizuri hapati nafuu ya ziada kwa kuchomwa. Gharama ya mazoea hayo inalipwa kwingine: seftriaksoni hupita pia matumboni na kuchochea usugu wa bakteria kama klebsiela, ambao wodi za watoto wachanga zinahangaika nao, mahali ambapo daktari hana dawa nyingi za kubadilisha. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2019 yalionyesha vifo milioni 1.27 vilivyosababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria, na maambukizi ya mapafu ndiyo yaliyoongoza.

Utauliza basi, vile vikohozi vya mwanzoni mwa mwaka vilikuwa nini? Sikumpima, lakini uwezekano mkubwa ni virusi. Hata kwa watoto waliolazwa kwa nimonia nzito, utafiti uliofanyika katika nchi saba, Kilifi ya Kenya ikiwa mojawapo, na kuchapishwa mwaka 2019, ulikadiria kuwa virusi vilisababisha takriban asilimia 61 na bakteria asilimia 27. Kwa mtoto anayehema kasi tunampa amoksisilini kwa sababu hatuwezi kutenganisha kwa macho, na ile sehemu ya bakteria inaua. Kwa mtoto anayekohoa na kutoka makamasi lakini anahema kawaida na kifua hakibonyei, hakuna sababu ya antibayotiki. Kwa hiyo jifunze kuhesabu. Mtoto akiwa ametulia, halii na hanyonyi kitu, fungua nguo kifuani, tazama tumbo na kifua vikipanda na kushuka, uhesabu kwa dakika nzima ukitumia saa ya simu. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miaka mitano, kuanzia 40 ni kuhema kwa kasi. Kwa mwenye miezi miwili hadi kumi na miwili ni kuanzia 50. Kwa mchanga chini ya miezi miwili ni 60, na huyo apelekwe hospitali mara moja.

Angalia pia kadi yake ya kliniki kama alipata chanjo ya pneumokoki katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kenya ilianza kuitoa mwaka 2011 na Tanzania ikafuata muda mfupi baadaye. Huko Kilifi magonjwa makali ya pneumokoki wa aina zilizomo katika chanjo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto chini ya miaka mitano. Aina hizo ndizo zilizokuwa zikibeba sehemu kubwa ya usugu, na ndiyo maana Marekani, baada ya kuanza chanjo mwaka 2000, iliona magonjwa makali ya pneumokoki wenye usugu wa penisilini yakipungua kwa zaidi ya nusu kufikia mwaka 2004. Nawapa wazazi habari hiyo kwa furaha, kwa kuwa inaonyesha usugu unaweza kurudishwa nyuma. Finland ilionyesha hivyo kwa njia nyingine: ilipopunguza matumizi ya dawa za ukoo wa azithromaisini, usugu wa streptokoki wa koo ulishuka kutoka asilimia 16.5 mwaka 1992 hadi 8.6 mwaka 1996.

Sasa dalili za hatari. Mtoto akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au kuwa mzito kuamka, akibonyea kifua chini ya mbavu kila anapovuta hewa, akikoroma akiwa ametulia, au midomo ikibadilika rangi kuwa ya bluu, usisubiri dozi inayofuata. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, maana anaweza kuhitaji oksijeni. Kama hana dalili hizo, mrudishe kituo cha afya siku ya tatu hata akionekana ana nafuu, wamhesabu pumzi tena. Nenda na vidonge vilivyobaki na karatasi uliyoandikiwa, na uwatajie azithromaisini ulizonunua na miezi uliyompa. Kama hajapata nafuu, wao ndio waamue kubadilisha dawa, kumpiga picha ya kifua au kumlaza. Na kama kikohozi kitadumu wiki mbili au zaidi, waombe wamchunguze kifua kikuu, hasa ikiwa kuna mtu nyumbani anayekohoa au aliyewahi kutibiwa ugonjwa huo.